Damu ya dharura: maswali ambayo wodi, maabara na chumba cha upasuaji huulizana

Kinachochelewesha damu mara nyingi si friji tupu. Ni sampuli isiyoandikwa jina, simu iliyopigwa na watu watatu wakitaja idadi tatu tofauti, au mjumbe asiyejua mlango wa maabara unaofunguliwa usiku. Ukurasa huu ni wa wauguzi, wakunga, madaktari, wataalamu wa usingizi na wataalamu wa maabara wanaotaka kuziba mianya hiyo. Pale mwongozo wa hospitali yenu unapotofautiana na yaliyoandikwa hapa, fuateni wa hospitali, ila hakikisheni wodi na maabara zinafuata huo huo mmoja.

Nani anaruhusiwa kutangaza dharura ya damu?

Yeyote aliye kando ya mgonjwa mwenye ujuzi wa kutambua kwamba anavuja hadi kuelekea mshtuko: mkunga, muuguzi kiongozi wa zamu, daktari, mtaalamu wa usingizi. Kusubiri saini ya daktari bingwa aliye nyumbani ni utaratibu mbaya. Ikija kuonekana baadaye kwamba tangazo halikuhitajika, hasara ni mifuko michache inayorudishwa kwenye friji. Tangazo likichelewa, hasara haina marejesho.

Tutumie vigezo gani?

Zile tafsiri za vitabuni, kama vile kuongezewa mifuko 10 ya damu ndani ya saa 24, zinafaa kwa takwimu. Hazisaidii saa nne usiku. Kando ya kitanda, gawanya mapigo ya moyo kwa namba ya juu ya presha. Mapigo 120 kwa presha 90 ni 1.3, na chochote kuanzia 0.9 kwenda juu kwa mtu anayevuja kinatosha kukufanya unyanyue simu. Ongeza na unachokiona: damu isiyosimama, ngozi baridi yenye jasho, mgonjwa anayeanza kuchanganyikiwa. Makadirio ya mifuko 4 ndani ya saa moja huku damu bado inatoka nayo yanatosha.

Kipimo cha kwanza cha himoglobini kisikupe amani. Anayevuja hupoteza chembe na maji kwa pamoja, kwa hiyo kilichobaki mishipani husomeka vizuri hadi maji ya dripu au ya mwili wenyewe yaingie kuchanganya. Maabara nazo zijue hili, zisimkatalie mkunga damu kwa hoja kwamba "himoglobini yake ni 11".

Simu ya kwanza iseme nini?

Ifupishwe hadi isizidi nusu dakika. Mfano wa simu inayofanya kazi:

"Benki ya damu, hapa chumba cha kujifungulia. Natangaza dharura ya damu. Mgonjwa ni mwanamke, miaka 26, namba ya faili 4471. Anavuja baada ya kujifungua. Naomba mifuko miwili ya O hasi sasa hivi, na sampuli inakuja na mjumbe. Mratibu wa damu ni mimi, niko kwenye simu hii."

Aliye maabara hajibu "sawa". Anarudia alichosikia: namba ya faili, idadi, kundi, mahali pa kupeleka, kisha anataja dakika. "O hasi mbili, faili 4471, chumba cha kujifungulia, zitakuwa dirishani baada ya dakika tano." Kurudia huku ndiko kunakonasa kosa la 4471 kusikika 4417, na pia kunampa aliye wodini muda halisi wa kupanga nao. Bila dakika kutajwa, wodi itapiga tena kila baada ya dakika mbili, na kila simu inamtoa mtaalamu wa maabara mezani.

Kwa nini lazima awepo mratibu mmoja? Wote tupo pale pale.

Kwa sababu wote mpo pale pale. Daktari wa upasuaji anapaza sauti "leteni damu!", wauguzi wawili wanatoka, maabara inapokea maombi mawili ya mgonjwa mmoja na kuyaona kama wagonjwa wawili. Au kinyume chake: kila mtu anaamini mwenzake ameshapiga.

Mratibu hashiki mgonjwa. Kazi yake ni simu, saa na karatasi: mifuko mingapi imeombwa, imefika, imetundikwa, imebaki. Kila dakika 15 anamwambia kiongozi wa timu hesabu hiyo kwa sauti, kisha anaiambia maabara kinachotarajiwa mbele. Si lazima awe mkubwa kwa cheo. Muuguzi makini wa mwaka wa kwanza kazini anaifanya vizuri kuliko daktari bingwa anayevutwa huku na huku.

Maabara inaweza kutoa nini, na kwa muda gani?

Damu ya kundi O isiyolinganishwa na ya mgonjwa hutoka mara moja: ni kufungua friji, kuandika na kukabidhi. Damu ya kundi la mgonjwa mwenyewe, ABO na RhD (alama inayofanya kundi liitwe chanya au hasi), huhitaji kama dakika 10 hadi 15 tangu sampuli sahihi ifike mezani. Krosimachi kamili (kulinganisha damu ya mfuko na ya mgonjwa) pamoja na kutafuta kingamwili ni dakika 45 hadi 60, na mgonjwa akiwa na kingamwili inaweza kuchukua saa kadhaa. Plazima (sehemu ya maji ya damu) iliyogandishwa huyeyushwa kwa nyuzi 37, kwa hiyo ihesabieni kama nusu saa. Ndiyo maana huombwa pamoja na damu ya kwanza, si baada ya mfuko wa sita.

Saa hizi zote zinaanza sampuli inapofika, si inapochukuliwa. Wodi nyingi husahau tofauti hiyo, na hapo ndipo ugomvi wa "maabara ni wazito" unapozaliwa.

O hasi ni chache. Nani apewe?

Wasichana, na wanawake ambao bado wanaweza kupata mimba, ambao kundi lao halijulikani. Mwanamke wa RhD hasi akipokea damu chanya anaweza kutengeneza kingamwili zitakazoshambulia chembe za mtoto katika mimba ya baadaye. Wanaume watu wazima na wanawake waliopita umri wa kuzaa waanze na O chanya. Kumtundikia mzee wa miaka 60 O hasi "kwa usalama" ni kumnyang'anya mama atakayeletwa usiku wa manane.

O hasi ikiisha na mama anakufa, mpe O chanya. Kingamwili ni tatizo la kesho linaloweza kushughulikiwa; ongeeni na mtaalamu wa damu mapema kuhusu sindano ya anti-D, inayozuia kingamwili hizo zisitengenezwe, kwa kuwa dirisha lake ni saa 72. Na mara tu kundi likijulikana, maabara ihame kwenda kundi la mgonjwa bila kusubiri kuombwa.

Sampuli ichukuliwe lini na kwa namna gani?

Kabla ya mfuko wa kwanza wa O. Ukishaingiza mifuko kadhaa ya O, maabara itaona mchanganyiko wa chembe na huenda ishindwe kutamka kundi, na mgonjwa ataendelea kula akiba ya O bila sababu. Kwa mtu mzima, mililita 4 hadi 6 kwenye kichupa cha EDTA (dawa inayozuia damu isigande) zinatosha. Usichote kutoka mkono wenye dripu juu ya sindano yako. Sampuli iliyochanganyika na maji haina maana.

Kosa linaloua halitokei ndani ya kichupa, linatokea kwenye lebo. Lebo iandikwe kando ya mgonjwa, na aliyechota, kabla hajaondoka. Vichupa vilivyoandikwa majina mapema, au vinavyopelekwa meza ya wauguzi "viandikwe huko", ndivyo chanzo cha damu ya mtu mmoja kuwa ndani ya jina la mwingine. Maabara haiwezi kuligundua kosa hilo kama mgonjwa hana rekodi ya zamani, maana kipimo chenyewe kitakuwa sahihi kabisa, kwa mtu mwingine. Dawa yake ni sampuli ya pili, iliyochukuliwa kwa mchomo tofauti na ikiwezekana na mtu tofauti. Kugawa damu ya mchomo mmoja kwenye vichupa viwili ni kujidanganya. Hadi ya pili ifike, maabara inaendelea kutoa O.

Sampuli yenye lebo yenye kasoro inakataliwa. Maabara ipige simu dakika hiyo hiyo kusema imeikataa na kwa nini, isiiweke pembeni ikisubiri mtu aje kuulizia.

Mgonjwa ameletwa hajitambui na hana jina. Tufanyeje?

Apewe namba ya muda ya kipekee na jinsia, zifungwe kwenye kifundo cha mkono, na zitumike kwenye kila sampuli na fomu. "Mwanaume asiyejulikana" peke yake haitoshi. Ajali ya basi inaleta wanaume wanane wa namna hiyo.

Ndugu wakifika na jina halisi katikati ya kazi, msibadilishe kitambulisho. Mkibadilisha, mifuko iliyokwisha kuandaliwa kwa namba ya zamani haitalingana na bangili mpya, na itabidi kuanza upya kwa sampuli mpya. Jina liandikwe pembeni, mabadiliko yasubiri damu isimame na maabara iarifiwe.

Nani abebe damu, na inaweza kukaa nje kwa muda gani?

Abebe mtu aliyeteuliwa mwanzoni mwa zamu, anayeijua njia, na ambaye hatatumwa kitu kingine akiwa njiani. Aende na karatasi yenye jina na namba ya mgonjwa. Mjumbe anayefika dirishani akisema "nimetumwa damu ya thieta" arudishwe, maana thieta ina vitanda vitatu.

Chembe nyekundu hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 6. Desturi ya hospitali nyingi ni kwamba mfuko uliokaa nje chini ya dakika 30 unaweza kurudi kwenye akiba. Ukizidi hapo, utumike kwa mgonjwa huyo au utupwe. Na tangu utoke kwenye ubaridi hadi tone la mwisho, zisizidi saa 4. Sanduku la baridi lililothibitishwa linaongeza muda, lakini barafu isigusane na mfuko, chembe zikiganda hupasuka. Friji ya dawa ya wodini haihesabiki. Chembe sahani (zile zinazosaidia damu kuganda) ni kinyume: hukaa kwenye nyuzi 20 hadi 24 zikitikiswa taratibu, na kuziweka kwenye sanduku hilo la barafu pamoja na damu ni kosa ambalo hurudiwa kila anapokuja mjumbe mpya.

Katika haraka kubwa, tunaweza kuruka ukaguzi wa kando ya kitanda?

Hapana. Unachukua chini ya dakika moja, na ndio ngazi ya mwisho. Mfuko unalinganishwa na bangili ya mgonjwa, si na faili lililo juu ya kitanda: jina, namba, kundi la mfuko, namba ya mfuko, tarehe ya kuisha, mwonekano (mabonge, rangi ya zambarau iliyokolea, kuvuja). Mkiwa wawili, kila mmoja asome peke yake. Mmoja akisoma na mwenzake akiitikia "ndiyo, ndiyo", aliyekagua ni mmoja tu.

Mgonjwa akiwa macho, muulize jina lake nani. Usimuulize "wewe ni Asha?", kwa kuwa mtu aliye kwenye mshtuko hukubali lolote.

SHOT, mfumo wa Uingereza wa kukusanya taarifa za madhara ya kuongezewa damu, umekuwepo tangu 1996, na miaka nenda rudi sehemu kubwa ya taarifa zake hutokana na makosa ya watu, si ya damu yenyewe. Ucheleweshaji nao umo miongoni mwa sababu za vifo inazoziorodhesha. Ukaguzi na kasi havishindani. Kinachokula muda ni kutafuta bangili ambayo haikufungwa.

Vifaa gani viwe tayari mfuko unapofika?

Kanula mbili pana, geji 14 au 16, kwenye mishipa mikubwa ya mkono. Kanula fupi na nene hupitisha damu haraka kuliko katheta ndefu ya shingoni. Seti ya damu yenye chujio la mikroni 170 hadi 200. Seti ya kawaida ya dripu haina chujio hilo. Mfuko wa kubana kwa presha. Kifaa cha kupasha damu joto.

Kwenye mrija wa damu ipite chumvi ya kawaida ya asilimia 0.9 pekee. Dekstrosi asilimia 5 huvimbisha na kupasua chembe, na Ringa lakteti ina kalisi inayoweza kugandisha damu ndani ya mrija.

Kama hakuna kifaa cha kupashia, mpasheni mgonjwa badala ya mfuko: mfunikeni, pasheni chumba, tumieni maji ya dripu yenye uvuguvugu. Kuzamisha mfuko kwenye ndoo ya maji ya moto au kuuingiza kwenye maikrowevu hupasua chembe na kumwaga potasiamu. Vifaa halali navyo huwa na kikomo cha karibu nyuzi 42.

Uwiano wa plazima na chembe nyekundu uwe upi?

Kwa majeruhi wanaovuja sana, hospitali nyingi huanza na plazima moja kwa chembe nyekundu moja, au moja kwa mbili. Jaribio la PROPPR lililochapishwa 2015, lenye wagonjwa 680, lililinganisha 1:1:1 (plazima, chembe sahani, chembe nyekundu) na 1:1:2. Vifo vya saa 24 na vya siku 30 havikutofautiana kwa namna ya kuaminika kitakwimu, ila waliokufa kwa kuvuja ndani ya saa 24 walikuwa wachache zaidi kwenye 1:1:1. Majibu ya vipimo yakianza kuja, acheni uwiano mfuate vipimo: chembe sahani zaidi ya 50 × 10⁹/l (zaidi ya 100 kwa jeraha la ubongo), fibrinojeni (protini inayogandisha damu) juu ya 1.5 g/l kwa majeruhi na 2 g/l kwa mjamzito au aliyetoka kujifungua.

Pasipo mashine ya kutenganisha damu, damu nzima si matibabu ya daraja la pili kwa mtu anayevuja. Ina chembe nyekundu na plazima kwa pamoja. Upungufu wake ni chembe sahani, ambazo hupungua nguvu kadiri inavyokaa kwenye baridi. Kumbukeni kwamba damu nzima ya O ina plazima yenye kingamwili dhidi ya A na B, kwa hiyo kwa asiye O muulizeni mtaalamu wa maabara kabla ya kuitumia: je, imepimwa kiwango cha kingamwili hizo?

Asidi ya traneksamiki inaingia wapi?

Dawa hii husaidia bonge la damu lisiyeyuke. Itolewe mapema, mkiwa bado mnasubiri damu. Gramu 1 kwenye mshipa kwa dakika 10. Kwa majeruhi hufuatwa na gramu 1 nyingine kwa saa 8. Hiyo ndiyo dozi ya jaribio la CRASH-2 la 2010, lililokuwa na wagonjwa zaidi ya 20,000. Kwa mama anayevuja baada ya kujifungua, gramu ya pili hutolewa kama damu bado inatoka baada ya dakika 30 au imeanza tena ndani ya saa 24. Mwisho wa kuanza ni saa 3 tangu kujeruhiwa au kujifungua. Saa aliyopewa iandikwe, na mratibu aitangaze, vinginevyo atapewa mara mbili: mara moja mapokezi, mara moja thieta.

Kalisi nani aikumbuke?

Mtaalamu wa usingizi, na akikosekana, mratibu kwa kuhesabu mifuko. Damu ya benki ina sitrati inayozuia isigande, na sitrati hiyo hukamata kalisi ya mgonjwa. Ini lenye afya huiondoa haraka. Ini lenye baridi na lisilopata damu haliwezi. Matokeo ni moyo kusinyaa kwa unyonge na damu kukataa kuganda, na timu inaongeza mifuko zaidi yenye sitrati zaidi. Pasipo kipimo, wengi hutoa mililita 10 za kalisi kloridi asilimia 10 kila baada ya mifuko 4 hivi. Kalisi glukoneti asilimia 10 ina kalisi kama theluthi moja tu kwa ujazo huo huo, kwa hiyo ni mililita 30. Isipite kwenye mrija wenye damu.

Wodi ya wazazi ina nini cha pekee?

Makadirio ya macho. Damu iliyoingia kwenye mashuka, kanga na ndoo hukadiriwa pungufu karibu kila mara. Tumieni kitambaa chenye vipimo chini ya mama, na pimeni uzito wa pedi: gramu 1 ni takribani mililita 1. Jaribio la E-MOTIVE la 2023, lililofanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, liliunganisha kitambaa hicho na matibabu yaliyotolewa kwa mpigo mmoja, na matukio makubwa ya kuvuja yalipungua kwa asilimia 60. Fibrinojeni ya kawaida mwishoni mwa ujauzito ni 4 hadi 6 g/l, kwa hiyo 2 inayoonekana "ya kawaida" kwenye karatasi ya maabara ni hatari kwake. Mkunga aandike neno mjamzito au aliyejifungua kwenye fomu, maabara isome ikijua hivyo.

Na mtoto?

Mtoto wa kilo 10 ana damu ya takribani mililita 800 mwilini. Kwake hakuna "mfuko mmoja". Agizeni na tundikeni kwa mililita kwa kilo, kwa mfano 10 kwa kilo kila mara, na mpime upya baada ya kila dozi. Uzito uandikwe kwenye fomu. Bila uzito maabara iulize.

Mgonjwa amebadilika ghafla damu ikiwa inaingia. Hatua ni zipi?

Fungeni damu. Wekeni chumvi ya kawaida kwa mrija mpya. Njia ya hewa, oksijeni, presha. Kisha bangili na mfuko vilinganishwe upya. Homa na maumivu ya mgongo, mkojo mweusi, au kwa aliyelala usingizi damu kuanza kuchuruzika kila kidonda na presha kuanguka, ni dalili za kundi lisilopatana. Uvimbe, upele na kubanwa pumzi ni mzio mkali: adrenalini miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja kwa mtu mzima. Kubanwa pumzi huku presha ikipanda kunaelekea mzigo wa maji, na hapo furosemidi (dawa ya kutoa maji mwilini) husaidia. Presha ikishuka, fikirieni jeraha la mapafu, na furosemidi haina kazi.

Simu kwa maabara ipigwe wakati huo huo, si baada ya zamu. Kama mgonjwa huyu amepata mfuko wa mwingine, yupo mgonjwa wa pili ambaye mfuko wake mbaya unaweza kuwa unatundikwa sasa hivi. Mfuko na mrija wake virudishwe maabara vikiwa vimefungwa, pamoja na sampuli mpya.

Ndugu wamejaa nje wanataka kutoa damu papo hapo. Tuwaruhusu?

Waelekezwe benki ya damu wajaze akiba, ila damu yao isiingie kwa ndugu yao bila kupimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. Damu ya ndugu wa karibu ina hatari ya ziada: seli nyeupe zake zinaweza kujikita na kushambulia mwili wa mpokeaji, na hali hiyo huua karibu kila inapotokea. Damu ya mume kwa mke anayetarajia kuzaa tena nayo iepukwe.

Dharura imekwisha. Nani anafunga?

Kiongozi wa timu anatamka, mratibu anaipigia maabara na kusema neno moja lililokubaliwa. Bila simu hiyo, maabara inaendelea kuyeyusha plazima itakayotupwa na kushikilia mifuko ambayo thieta nyingine inaisubiri. Mifuko isiyotumika irudi mara moja ikiwa na saa iliyotoka. Kila mfuko uandikwe mwisho wake: uliingia kwa nani, ulirudi, au ulitupwa.

Tufanye mazoezi mara ngapi, na tupime nini?

Mara moja kila robo mwaka, angalau moja usiku. Pimeni nyakati nne tu: tangazo, sampuli kufika, mfuko kutoka, mfuko kuanza kuingia. Pengo kubwa ndilo la kushughulikia, na mara nyingi liko kati ya sampuli kuchotwa na kufika, sehemu ambayo si ya wodi wala ya maabara. Baada ya tukio halisi, kaeni wote ndani ya siku tatu, akiwemo mjumbe. Yeye ndiye anayejua kwamba lifti huzimwa saa mbili usiku.